Madoa ya Jua na Mtu Tusiyemzika

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya vita ya pili ya nchi yetu, kule Nguba, mtaa wa Bukavu, ukungu ulipokwisha kuondoka juu ya ziwa. Nilikuwa msichana wa chuo, na nilikuwa nimeshika ubao wenye karatasi nyeupe nyuma ya darubini ya mwalimu wangu, Profesa Murhula. Jua lilipita ndani ya darubini likaanguka kwenye karatasi, duara la mwanga kama kisahani, na ndani yake madoa meusi machache. Nilikuwa nayafuata kwa penseli.

Profesa alitufundisha historia ya elimu ya nyota. Chuo kilifunguliwa na kufungwa kufuatana na milio ya bunduki, lakini sisi wachache tulimfuata nyumbani kwake. Alipenda kutusimulia jinsi watu wa Ulaya ya zamani walivyojifunza kutazama. Kabla ya lenzi, alisema, kulikuwa na bwana mmoja wa Denmark aliyejenga vipimo vikubwa vya mbao na shaba, vingine vimefungwa ukutani, akapima mahali pa kila nyota kwa macho matupu. Hakuamini kipimo kimoja peke yake. Nyota ileile aliipima tena kwa kipimo kingine, akamwita na msaidizi aipime naye, maana alijua kila chombo kina kosa lake na kila jicho lina uchovu wake. Baadaye lenzi zikaja, watu wakaona madoa kwenye jua, na ugomvi ukaanza. Wengine walishikilia kwamba jua haliwezi kuwa na doa, doa liko kwenye kioo. Basi wakaizungusha darubini ikiwa bado imelielekea jua. Doa la kioo lingezunguka pamoja na kioo. Haya yalibaki palepale. Na watu wa miji ya mbali walipolinganisha michoro yao ya siku moja, wakakuta madoa ni yaleyale.

"Elimu yote iko hapo," Profesa alizoea kutuambia. "Uliza kama kosa iko mu jicho, mu kioo, ao kule juu. Na kama hukuona, usiseme uliona."

Asubuhi ile wanajeshi waliingia uani. Mtu alikuwa ameapa mbele yao kwamba alimwona muzee wa nyumba ile akiita ndege za adui kwa chombo chake. Profesa alieleza polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala yake mbovu, wala hawakumsikiliza. Walipokuwa wakimpandisha garini alinigeukia.

"Funika kioo," aliniambia. "Vumbi itaharibu lenzi."

Ni hayo tu. Maman Nsimire, mke wake, alitoka jikoni na mikono yenye unga, akakuta gari linapinda kona.

Kesho yake tuliifunga darubini katika kitenge, mimi na Maman Nsimire, tukaipeleka kwa komanda wao. Niliisimamisha uani kwake, nikashika karatasi, jua likaanguka juu yake. Komanda, naye kijana tu, alisogea akainama.

"Hii iko jua?"

"Ndiyo, komanda."

"Na hizi alama?"

"Ziko kwa jua yenyewe."

Alicheka kidogo, akasema kioo chetu ni kichafu. Nikaizungusha darubini mbele yake kama nilivyofundishwa. Madoa hayakusogea. Akaizungusha mwenyewe, kisha akaita askari wake waje waone. Mwanangu, sitakudanganya, wakati ule moyo wangu uliruka. Nilidhani tumeshinda. Mtu ameona kwa macho yake, ameamini, basi atamfungua.

"Muzee wenu hakusema bongo, hakudanganya," komanda alisema. Kisha akatazama chini. "Lakini walishamupeleka upande wa Luberizi jana. Haiko tena mu mikono yangu."

Tuliteremka mpaka uwanda wa Ruzizi. Huko Luberizi watu walikuwa wameinama katika mpunga, na tuliuliza kila nyumba ambayo ilikuwa bado na watu. Hakuna aliyemwona. Tuliporudi Bukavu tukaanza kuletewa habari. Huyu alisema Profesa yuko hai, anafundisha watoto ng'ambo ya mpaka. Yule alisema alipigwa risasi njiani. Kila mmoja nilimuuliza kama alimwona mwenyewe. Kila mmoja alijibu kwamba aliambiwa.

Muda mrefu ulipita, ndipo ndugu yake Profesa, mkulima wa kijiji cha Miti, akaja kwangu. Alikuwa mtu mwema, amechoka. Alinieleza kwamba wazee wa familia hawakubali kufanya kilio bila mtu aliyeuona mwili, na Maman Nsimire anakwisha kwa kungoja.

"Weye ulikuwa naye mwisho," alisema. "Watakuamini. Sema tu uliona, tumulilie, mama apumuzike."

Nilikaa na ombi lile siku nyingi, nikijiuliza ni nani ataumia. Mwishowe nilimwendea Maman Nsimire mwenyewe nikamwambia nilichoombwa. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Uliona?"

"Hapana, maman."

"Basi usinipe kaburi ya bongo. Taabu yangu ya kweli inanitosha."

Nilikataa, na familia ile haijanisamehe mpaka leo. Darubini ilichukuliwa na waporaji katika mapigano mengine. Maman Nsimire aliishi hivyo miaka, si mke, si mjane, akigeuka kila geti likilia, na nilikuwa miongoni mwa waliomzika. Usitazamie nikuambie kwamba ukweli ulituokoa. Haukumwokoa mtu. Komanda aliona, akaamini, na hakuna kilichobadilika.

Lakini sikiliza nasaha yangu, kwa kuwa sina kitu kingine cha kukuachia. Simu yako inakuletea kila asubuhi maiti na majina ya waliowaua. Kabla ya kupeleka neno kwa mwenzako, lizungushe kwanza: je, kosa liko kwa aliyesema, kwa kilicholeta habari, au kwako wewe unayetaka iwe hivyo? Tafuta mtu mwingine aliyeona akiwa mahali pengine. Uliloliona, sema uliliona. Uliloambiwa, sema uliambiwa. Na usipojua, sema hujui, hata kama wenye huzuni wanakuomba useme vingine. Profesa alipelekwa kwa neno la mtu aliyeapa kuona asichokiona, na vita yetu yote ililishwa na watu kama huyo. Siahidi faraja. Mimi sikuipata.

Mungu ayalinde macho yako, mwanangu. Akupe wenzako wa kutazama pamoja nawe. Akupe uzee, na siku yako ikifika, uzikwe na watu wako, mahali panapojulikana.