Wimbo Wenye Cherehani Ndani Yake

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa haimbi mpaka mguu uwe kwenye pedeli. Ukimwomba aimbe sebuleni, anakwambia sauti ameiacha kazini. Siku moja mumewe akamrekodi kwa simu akishona sare za shule. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe wa kubembeleza mtoto, cherehani ikidunda chini yake. Katikati mkasi unaanguka, naye anacheka.

Shemeji akataka kuuweka mtandaoni. Mimi nikasema usajiliwe kwanza, maana watu wa siku hizi hata kivuli chako watakiuza. Dada akanicheka. "We mdogo wangu, wimbo wa kubembeleza unausajili ili iweje? Mwenye mtoto anayelia na achukue." Shemeji akauweka, wakachukua wengi, dada akafurahi mpaka maradhi yalipomlaza, na hakuinuka tena.

Shemeji akarithi cherehani na wateja. Wateja wa nguo nao hutuma picha: nataka kola hii, mkono ule. Simu ikajaa, akaufuta wimbo apate nafasi. "Si upo mtandaoni?" akaniambia.

Haukukaa. Kampuni moja ya muziki iliuchukua, ikautia ngoma, ikausajili kuwa wake. Mtandao ukamwona shemeji ndiye mwizi, ukamfungia ukurasa. Tukaenda ofisi ya hakimiliki. Karani alituuliza kwa upole, "Rekodi ya kwanza mnayo?"

Shemeji akaitazama simu yake. "Nilihitaji nafasi ya mishono," akasema.

Karani hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitamani kumzaba kibao shemeji yangu palepale. Nikamshika mkono tukatoka.

Sheria imetungwa kumlinda mwimbaji, sasa inawalinda waliomnyang'anya. Na wale waliolaza watoto wao kwa wimbo huo bure, nimewauliza mpaka nimechoka. Hakuna aliyeuhifadhi. Kila mmoja alijua upo mtandaoni. Nina hasira na wote, na marehemu nimemwekea kidogo.

Duka moja la viatu hupiga wimbo huo kuita wateja. Mkasi wameukata, na kicheko pia. Cherehani imebaki, nadhani waliidhania ngoma. Shemeji hufunga kazi mapema akasimame pale mlangoni. Juzi nilimfuata.

"Mzee, kama hununui, wapishe wenzako," mwenye duka akamwambia.

Shemeji akaingia, akaketi, akavua viatu vyake vizima na kuomba vingine ajaribu. Akawa anafunga kamba polepole, anafungua, anafunga tena, mpaka wimbo ulipokwisha.