Bolti Iliyokwama Njia ya Geita

Ndugu zangu wa Kisarawe, mmeniuliza kwa nini nilikubali kwenda mbali hivyo mara tu baada ya kumaliza chuo. Sikukubali, nilipangiwa. Niliajiriwa bwana mifugo Shinyanga, na kabla sijaijua vizuri njia ya sokoni nikaambiwa nipeleke chanjo ya ng'ombe Geita. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia huko, na wafugaji walikuwa wanatusubiri. Chanjo ilikaa ndani ya sanduku la barafu. Barafu ikiyeyuka yote, dawa inaharibika, na ng'ombe wa watu wanakufa.

Shinyanga tuliondoka alfajiri. Landrova ilikuwa kuukuu, na dereva, Bwana Masanja, alikuwa amefunga springi ya akiba juu ya paa. Nikamuuliza ya nini.

"Si tunaenda Geita?" akasema.

Jibu hilo lilinitesa mpaka Kahama. Kila gari lilipodunda nilifunua sanduku nikaitazama barafu, hata Masanja akasema, "Bwana mdogo, ukiifunua tena itayeyuka kwa aibu."

Tulipoipita Segese, tukiwa tunapanda kutoka kwenye korongo, nyuma kulilia kishindo na gari likainama upande. Springi ilikuwa imekatika. Masanja alitia jeki, akafungua nati ya bolti inayoishikilia springi chini ya gari. Nati ilitoka, bolti ikagoma. Kutu ilikuwa imeigandisha ndani ya bushi, ule mviringo wa chuma na mpira inamopita. Tuliimwagia mafuta ya taa, tukaigonga kwa zamu. Mpira ulimeza kila pigo, na ncha ya bolti ikaanza kupanuka kama uyoga. Jua lilikuwa linapanda. Kichwani nilikuwa nimeshafukuzwa kazi, nimeshafika nyumbani, na baba ameshaniuliza.

Kelele zetu zilimleta Mama Kabula, ambaye mji wake ulikuwa kando ya barabara. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Kabila gani wewe?"

Masanja akadakia, "Mzaramo huyo."

"Kumbe mtani wangu," akasema yule mama. "Ndiyo maana gari limekataa. Limechoka kumbeba mla nazi."

Akauliza sanduku lina nini. Masanja alipomweleza, alilitwaa akajitwika kichwani. "Hili sasa ni langu. Mtani akikutwa njiani ananyang'anywa." Akaondoka nalo.

Utani wetu na Wasukuma nilikuwa nausikia misibani tu, wakubwa wakichezeana. Sikujua unaanzia wapi na unaishia wapi. Nilimkimbilia nikieleza habari za ugonjwa na serikali, naye hakugeuka. "Msikieni Mzaramo analia," akamwambia mumewe aliyekuwa anafua majembe uani.

Ndani alilitua sanduku kati ya mitungi ya maji, penye giza na ubaridi, akalifunika kwa magunia mabichi. "Ukilifunua," akaniambia, "nakufungia zizini na ndama."

Hapo nikaelewa. Nikakaa kizingitini.

Mumewe, Baba Kabula, alikuja kuitazama bolti akasema ule mpira lazima uungue. Alichochea mivukuto mpaka vyuma vikawa vyekundu, akawa anavileta kwa koleo. Mimi nikawaza tangi la petroli, lilikuwa karibu mno.

"Mzaramo anaogopa moto," akasema Mama Kabula.

"Hapo ana akili," akasema Masanja. Tukalifungua tangi tukalipeleka mbali. Mimi na Mama Kabula tukaubandika udongo mbichi mpira wa breki usiungue.

Baba Kabula alibandika chuma baada ya chuma. Mpira ukafuka moshi mzito, ukanuka, ukadondoka vipande. Masanja akashika spana, bolti ikapiga yowe, ikazunguka. Alipoipiga tena ilichomoka ikaangukia vumbini. Springi ya akiba tuliifunga kwa bolti mpya ya Masanja iliyopakwa grisi, tukalirudisha tangi, na mama akatulisha ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando.

Geita tulifika jioni. Nilifunua sanduku: barafu ilikuwa imebaki vipande vichache, lakini ilikuwepo. Kesho yake ng'ombe wakachanjwa.

Wakati wa kurudi nilimwomba Masanja asimame kwa Mama Kabula. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba ya shukrani. Nilipoanza tu, "Mama, kwa niaba ya ofisi na kwa niaba yangu," akanikatiza.

"Mtani hashukuriwi. Nitukane, niende shambani."

Masanja akakohoa kunihimiza. Mwishowe nikasema, "Mama, ugali wako ulikuwa mgumu kuliko ile bolti."

Alicheka mpaka akashika mlango, akamwita mumewe aje asikie. Ndugu zangu, shule imenifundisha kuandika shukrani za kila namna. Ile niliyoitoa pale ndiyo ya kwanza kupokelewa yote.