Sista Eksirei na Mafuta ya Mchaichai

Wodi ya wanawake ilikuwa na mlango mmoja, na saa ya kuwatazama wagonjwa alisimama hapo Sista Eksirei. Jina lake la kwenye vyeti walilijua watu wa mishahara tu. Hili la Eksirei alipewa na wagonjwa wenyewe, kwa sababu hata ufunike kikapu chako kwa vitambaa vingapi, yeye angekutazama usoni, anuse kidogo, kisha aseme, "Toa hiyo chupa, shemeji." Na chupa inatoka! Wengine walitoa hata ambazo hawakuulizwa.

Msimcheke lakini. Shaka ile ilikuwa na mahali ilipoanzia. Alipokuwa bado mgeni kazini, alimpokea mwanamke mjamzito ambaye shangazi yake alikuwa akimtilia unga fulani kwenye uji ili uchungu uje haraka. Mwanamke aliulizwa anatumia nini, akajibu hatumii kitu. Alifia mikononi mwa muuguzi huyu, na shangazi akalia kuliko wote. Basi sista akaapa kuwa hakuna kitu kitakachoingia kinywani mwa mgonjwa wake bila yeye kukiona. Akawa anainua magodoro, anapekua mito, anafungua vikopo vya mafuta ya nywele na kuchovya kidole. Wenzake walisema ana kichaa chake peke yake. Ila wagonjwa wengi wa wodi ile walitoka kwa miguu yao, na hilo hakuna aliyelibishia.

Sasa mpelekee mtu kama huyo muuguzi wa tiba saidizi, uone kazi.

Metroni, mkuu wa wauguzi, ndiye aliyemleta. Aliingia naye asubuhi, binti mrefu mwenye sauti ya chini, ameshika kikasha cha vichupa.

"Sista, huyu ni muuguzi kama sisi, ila amesomea pia kukanda wagonjwa, mafuta ya kunukia, na mazoezi ya kupumua. Si badala ya dawa. Dawa ziko palepale, yeye anaongezea. Maumivu yanapungua, wagonjwa wanapata usingizi."

Sista akamtazama binti tangu utosini hadi unyayoni.

"Kumbe," akasema. "Miaka yote hii mimi nazuia vichupa mlangoni, leo vinaingia vimevaa sare."

Metroni akacheka akidhani ni utani. Thubutu! Sista alikuwa amekunja uso kwelikweli.

Wagonjwa walimpenda yule binti papo hapo, wakamwita Mikono. Bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye tangu avunjike nyonga alikuwa hana mtu asiyemtukana, alikandwa mabega kwa mafuta ya mchaichai akalala mpaka akakoroma. Sista alisimama miguuni pa kitanda akiusikiliza mkoromo ule. Akampima mapigo ya moyo, akampima tena, asije akawa amelishwa kitu. Mapigo yalikuwa sawasawa kabisa, na sista akazidi kupata wasiwasi.

Kilichomkera si mafuta peke yake. Kilichomkera hasa ni minong'ono. Mikono akishaanza kukanda, mgonjwa naye anaanza kusema, tena kwa sauti ya chini, na sista akikaribia wote wananyamaza.

"Mnazungumza nini huko?" akamuuliza siku moja.

"Mambo yao tu, sista. Mtu akikandwa, hata ulimi unalegea."

"Ulimi ukilegea mgonjwa anapaliwa," sista akamjibu, akaenda zake.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mama mzazi wa sista alipoanza kuumwa. Mama huyo aliishi naye nyumba moja, pamoja na mdogo wake sista, fundi cherehani. Asubuhi moja mguu ulivimba na kuwaka moto, na daktari akasema damu imeganda ndani ya mshipa. Akamwanzishia dawa ya kuizuia damu isigande. Ni dawa nzuri lakini haina masihara: ikizidi, au ikipata kitu kingine cha kuisaidia kazi, mtu anavuja damu bila kukatwa na chochote. Sista aliyajua hayo kuliko alivyozijua sala zake. Mama akalazwa wodi hiyohiyo ya bintiye, na bintiye akapekua kikapu cha kila mtu aliyekuja kumtazama, hata cha mchungaji.

Mchana mmoja akavuta pazia la kitanda cha mama, akamkuta Mikono ameketi, mafuta yanang'aa viganjani.

"Mguu! Umemkanda mguu?" Roho ilimruka. Bonge la damu likisukumwa huweza kung'oka na kupanda mpaka mapafuni.

"Mguu sijaugusa, sista. Viganja na mabega tu. Hilo nimefundishwa."

"Na mafuta haya yanaenda wapi? Si yanaingia kwenye ngozi? Na kutoka kwenye ngozi si yanaingia kwenye damu?"

"Mwanangu, mwache," mama akasema. "Tulikuwa tunazungumza."

"Mama, wewe ni mgonjwa, unatakiwa kupumzika."

"Hapa ndipo nilipokuwa napumzika."

Sista hakulala na jambo. Siku ileile alienda kwa metroni, akasema ama binti atoke wodini ama atoke yeye. Metroni akakubali shingo upande, na Mikono akahamishiwa kwa wagonjwa wa nje. Wodi ikanuna. Bibi wa dirishani akarudia matusi yake, mapya na ya zamani.

Hazikupita siku nyingi, mama akaanza kutoka damu kwenye fizi. Kisha ikatoka puani, ikatia doa kwenye mto. Kila alipofungwa kitambaa cha kupimia presha, mkono ulibaki na alama nyeusi. Kipimo kilipokuja kikaonyesha damu imekuwa nyepesi mno. Daktari, kijana asiye na maneno mengi, akamwita sista kando.

"Dawa nimeipunguza, lakini hali ni ileile. Kuna kitu anakula au anakunywa. Nikikijua, nitajua nafanya nini. Nisipokijua nitakuwa nabahatisha, na damu ikivujia kichwani hatutamuwahi."

"Ni yale mafuta," sista akasema.

"Mafuta gani, sista? Yule binti hajamgusa tangu umwondoe. Kabla ya hapo mama alikuwa anaendelea vizuri."

Sista akarudi wodini roho mkononi. Akasogeza kando chupa ya chai, akapekua kabati la mama, akainua godoro, akakung'uta kanga, akafungua mpaka kikopo cha poda. Akaambulia patupu. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, unatumia nini?"

"Dawa zenu."

"Na kingine?"

"Hakuna."

Mama alilisema hilo akitazama ukuta. Sista alikuwa amekwisha kuambiwa vile na mgonjwa mwingine, zamani, na alijua mambo yalivyoishia. Alikuwa na hakika mama anaficha, na alikuwa na hakika vilevile kwamba akiuliza mpaka jioni atapewa jibu hilohilo.

Akaenda kwa wagonjwa wa nje. Mikono alikuwa anamfunga mzee bandeji, na alipomwona sista mlangoni akasimama wima.

"Nahitaji uje umkande mama yangu," sista akasema.

"Sista, si ulisema..."

"Najua nilichosema. Nakuomba." Na neno hilo, jamani, lilimtoka kwa taabu. "Anaficha kitu, na kitamuua. Kwangu hasemi. Alikwambia lolote?"

"Hapana. Naona alikuwa anataka kusema, siku ile ulipovuta pazia." Mikono akafikiri kidogo. "Nitakuja. Lakini nitamwambia mapema kuwa akinieleza lazima daktari ajue. Mgonjwa simvizii."

Pazia likafungwa. Sista alitakiwa asubiri nje, lakini miguu ilikataa; akasimama kwenye sinki ya kunawia, upande wa pili wa pazia, ameupa kitanda mgongo. Harufu ya mchaichai ikamfikia. Kitanda kililialia kidogo.

"Mama, damu hii inamtia daktari hofu," Mikono akasema. "Kuna kitu unajisaidia nacho? Ukiniambia nitamfikishia, hilo sikufichi."

"Mfikishie daktari," mama akasema mwishowe. "Yule askari wangu usimwambie."

"Kwa nini, mama?"

"Nikimwambia silali, ananipima. Nikimwambia nina hofu, ananipima. Ni mtoto mwema, Mungu amlinde, lakini sijui siku ya mwisho tuliyozungumza ni lini. Mimi najibu maswali tu."

Sista akashika ukingo wa sinki.

"Nakunywa chai," mama akaendelea. "Yule mdogo ananichemshia nyumbani, tangawizi na manjano, nzito mpaka inawasha koo. Jirani alituambia inayeyusha damu iliyoganda. Wewe ulipokuwa unakuja, mwili ulikuwa unatulia, nikaona hata sihitaji, nikawa naonja tu na kumwaga. Ulipoondoka hofu ikarudi, nikawa namaliza chupa nzima. Nilitaka mguu upone nirudi nyumbani."

Chupa ya chai! Chupa hiyo alikuwa akiibeba sista mwenyewe kila asubuhi kutoka nyumbani. Alipita nayo mlangoni, na hakuna aliyemsimamisha, maana wa kusimamisha watu alikuwa yeye. Harufu ya tangawizi aliisikia, akasema moyoni, chai tu hiyo. Alimmiminia mama kikombe kwa mkono wake na kumwambia anywe ingali moto.

Machozi yalimtoka palepale, hakuyafuta. Akaenda chumba cha daktari, akamweleza yote aliyoyasikia, neno kwa neno. Daktari akashusha pumzi.

"Vizuri. Sasa tuna pa kuanzia. Na hiyo chai nani anamletea?"

"Mimi."

Daktari akamtazama, akaona bora asiulize zaidi. Akachukua kalamu aandike dawa nyingine.

"Basi nenda ukamwambie mama aiache leo hii."

Sista hakusogea mlangoni.

"Mwambie Mikono aende," akasema. "Mimi ataniambia ameacha, hata kama anaipata kwa mwingine."