Macho ya Afande Ocen

Nikipita mbele ya saluni wakati wananyoosha nywele kwa kitana cha moto, hatua zangu hupungua zenyewe. Nikisikia humo humo na harufu ya tapentaini, basi tena, nimesharudi Mbuya, nikiwa darasa la nne. Baba alikuwa akisafishia brashi zake kwenye beseni lile lile walilooshewa wateja vichwa, na Mama Aber, mwenye saluni, alimgombeza kila siku na kumsamehe kila siku.

Niwaeleze tulifikaje pale. Baba alikuwa mchoraji, Mkenya wa Bungoma aliyekuja Kampala kutafuta riziki, na Mama aliuza vitambaa sokoni Nakawa ili tule. Majumba ya sanaa ya mjini Baba aliyazunguka yote, picha zikiwa kwapani. Kwenye jumba moja, mwenyewe, bwana wa kola iliyonyooka, alimwambia sura za watu wa kawaida hazina mnunuzi, alete twiga. Baba alirudi amenuna, akasema tangu azaliwe hajaonana na twiga, atamchoraje? Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Aber ndiye aliyempa ukuta. Alikuwa Mwacholi mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, mke wa mwanajeshi tuliyemwita Afande Ocen. Saluni yake ilikuwa chini kidogo ya kambi ya jeshi.

"Baba Nekesa, weka hapa," alimwambia. Nekesa ni mimi. "Mtu anasukwa, ataenda wapi? Ataangalia tu."

Kweli waliangalia. Haukupita muda, wake wa wanajeshi wakataka waume zao wachorwe, na waume wakaanza kuja wenyewe, magwanda yamepigwa pasi, wakikaa chini ya draya ya kukaushia nywele iliyozimwa na kujikaza wasicheke. Baba akawa na kazi nyingi kuliko wachoraji wengi waliotundikwa mjini.

Wakati ule walikuwa wakipelekwa misheni ya kijeshi, Somalia, kwa zamu. Sijui nani alianza, lakini mmoja wao alimshika Baba mkono brashi ikiwa hewani. "Macho acha kwanza," alisema. "Utamaliza nikirudi." Akarudi, akakalia kiti kile kile, akatiwa macho huku saluni nzima ikimnunulia soda. Tangu hapo hakuna aliyekubali kwenda misheni picha yake imekamilika. Ukuta ukajaa nyuso zenye kila kitu, paji, pua, masharubu yaliyochanwa, na mahali pa macho mabaka mawili ya rangi ya udongo. Msinicheke, mimi nilipita pale nikitazama sakafu. Nilihisi wananisikiliza.

Sisi watoto tulijua jambo moja tu: mtu akitiwa macho, amerudi. Zilikuwapo picha nyingine zilizotoweka ukutani kimya kimya, ambazo Baba alizimalizia nyumbani kwetu mlango ukiwa umefungwa. Hakuna aliyetuambia zilikokwenda. Nadhani niliona zimeuzwa, basi.

Aber, binti wa Mama Aber, alikuwa rika langu, na kila akifika kutoka shule alimsalimia baba yake ukutani kabla ya kumsalimia mama yake. Afande Ocen naye alikuwa ameenda Somalia akiacha picha bila macho, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na simu ilizungushwa mpaka nami nikaulizwa habari za hesabu. Kisha Jumapili moja haikulia. Mama Aber alisema ni mtandao. Jumapili iliyofuata aliishika simu mkononi mpaka jioni.

Wiki ile wateja wakakatika. Wanawake wa kambini, waliokuwa wakigombania zamu, sasa walipita ng'ambo ya barabara wakiwa wameinamia simu zao. Wawili walifika hadi mlangoni, nywele zao zikiwa hazitamaniki, wakamsalimia Mama Aber kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwao, wakasema watarudi. Mama Aber alibaki ameshika kitana mpaka kikapoa. Aber na mimi tulifurahia viti kuwa wazi, tukazunguka navyo. Lakini watu wazima, tukiingia, walimtazama Aber, si mimi, kisha wakampa kitu cha kula.

Ndipo bwana wa kola akatokea. Alikuwa amesikia kuna picha zinauzwa saluni, akaja kuona maajabu hayo. Alizipita zote zilizokamilika, akasimama mbele ya Afande Ocen.

"Banange, jamani," alisema taratibu. "Hii hakuna macho. Hii ndiyo ile yenyewe. Ssebo, bwana wangu, nipe hii, na ingine kama hii. Mi naweka mjini, wewe nakuwa mtu mkubwa."

"Hizo bado hazijaisha," Baba alisema.

"Usimalize. Ukimaliza, unaharibu. Kesho asubuhi nakuja na gari."

Alipoondoka Baba alianza kufuta brashi ambayo ilikuwa imeshakauka. Alikuwa amesubiri miaka mingi mtu amwambie maneno yale.

"Siuzi, Mama Aber," alisema mwishowe. "Akija nitamwambia siuzi."

"Maliza tu macho," Mama Aber alisema. "Ikiwa na macho, hataki tena."

"Lakini nimesema siuzi. Na mwenyewe hajafika."

"Maliza, Baba Nekesa."

Baba aliishusha picha ukutani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna picha yake yoyote ya kuangalizia.

"Iko ya jeshi, lakini pale anaangalia kama mtu amekamatwa. Mwangalie mtoto tu. Macho ni yale yale."

Aber aliruka kitini kabla hajaitwa. Tulibanana vidole kwa furaha: macho yanatiwa, baba yake anarudi. Aliuliza aangalie wapi. Mama Aber alikuwa ametupa mgongo, akikunja taulo zilizokuwa zimeshakunjwa.

"Angalia mlango," alisema. "Kama baba anaingia."

Aber akaangalia mlango. Baba alichora, akifunika mabaka ya udongo moja baada ya jingine. Alipomaliza, sisi wawili tulitoka mbio mpaka karibu na geti la kambi, tukimwambia kila tuliyekutana naye kwamba Afande Ocen anakuja, ametiwa macho. Mwanamke mmoja alikaa chini pale pale njiani, na kikapu chake.

Bwana wa kola alikuja asubuhi, akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka na gari tupu. Gari la jeshi likaja baada yake, lenye maafisa na padri. Saluni ilikuwa imeshafungwa. Mama Aber alikuwa ameketi barazani amevaa gomesi yake ya kanisani, na kiti cha padri kimeshawekwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kulia. Wanawake wakasema ana moyo mgumu.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba siku ile hakuwa akiokoa picha. Ilikuwa imeshaokoka, Baba alikuwa amekataa kuiuza, nilimsikia kwa masikio yangu. Wale wanawake wa ng'ambo ya barabara walikuwa wamepata habari ya kifo kabla yake, na kwa kumkwepa wakampa habari hiyo. Naye hakuweza kuitamka mbele ya mwanawe, akamsingizia bwana wa kola. Baba, aliyekuwa akiwamalizia macho wasiorudi mlango ukiwa umefungwa, alielewa. Katika chumba kile, waliokuwa na furaha ni Aber na mimi peke yetu, na wao wawili wakatuachia furaha hiyo mchana ule mzima.

Picha ipo Nsambya, sebuleni kwa Mama Aber, alikohamia. Wageni husifu jinsi marehemu alivyokuwa na macho ya furaha, naye huitikia kwamba ndiyo, alikuwa mtu wa kucheka. Sijawahi kuwasahihisha. Ni macho ya Aber, yakimwona baba yake akiingia.