Shati la Kamanda na Maji ya Moto

Shangazi yangu ni dobi, na ukitaka kumuudhi mwite mfuaji. "Mfuaji ni yeyote mwenye mikono," atakwambia. "Dobi anajua nguo imepatwa na nini." Amefua uani kwake tangu mimi sijazaliwa: makarai ya bati ukutani, kamba kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya jirani, pasi ya mkaa ambayo mimi ndiye ninayeipuliza mpaka machozi yananitoka. Sheria zake ni nyingi, lakini kubwa ni moja: damu haipewi maji ya moto. Damu ni ya maji ya baridi na subira. Ukiimwagia ya moto inaganda ndani ya uzi, na hapo hata ukisugua mpaka kucha ziishe, umeshachelewa.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani husimulia kwamba alikosea. Shangazi hakukosea.

Yote yalianza Jumapili. Kanisa letu lilikuwa limefungwa kwa amri ya serikali, mlango umepigwa misumari, nasi tukawa tunasali katika karakana ya fundi seremala mmoja muumini. Tuliketi juu ya vitanda ambavyo havijapigwa randa, na kila aliyesimama kuimba alijichomoa kibanzi kwanza. Mahubiri yalikuwa ya Mzee Baragumu. Jina hilo tulimpa sisi vijana, kwa kuwa hana neno lisiloishia kwenye parapanda ya mwisho. Hata akiombea chakula, sharti dunia iishe kwanza ndipo tule. Lakini nisimwonee. Mwaka uliopita alikaa mahabusu badala ya kutaja majina yetu, na alitoka huko na goti ambalo halikunji tena.

Kinanda alikuwa anakipiga mwana wa pekee wa Shangazi, ambaye naye tunamwita Kinanda. Katikati ya wimbo askari wa mtaa wakaingia. Kamanda wao alikanyaga kinanda kwa buti, ufunguo kwa ufunguo, huku anacheka, kana kwamba anaua mende. Binamu yangu akakilalia kwa kifua. Kamanda akamwinua kwa ukosi, akampiga rungu la sikio, akampiga tena, akiwa amemshika karibu kama mtu anayemkumbatia ndugu. Tulimbeba hadi nyumbani juu ya ubao wa kitanda. Damu ilikatika, lakini sikio la kushoto halisikii tena. Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza!

Tangu hapo alilala chumba cha mbele akitazama ukuta. Hakula, hakusali, na mama yake akimsemesha upande mbovu alimwacha aongee na hewa.

Jumanne mke wa Kamanda akaleta mzigo wa nguo. Ni mteja wa miaka mingi, mama mpole anayefunga nguo zake kwenye shuka na kuuliza hali ya kila mtu. Safari hii hakuuliza hali ya mtu yeyote. Chini ya mzigo lilikuwa shati la kaki la mumewe, kifua chote na mkono mmoja vimekauka damu.

"Alichinja kuku," akasema, akitazama kamba ya nguo.

Kuku gani huyo, nikataka kumuuliza, mwenye kinanda? Lakini Shangazi alinikanyaga mguu, akapokea mzigo na kusema asante.

Alipoondoka nikasema tulitupe chooni.  Shangazi alijaza karai maji ya bomba, akalizamisha lile shati polepole, na maji yakaanza kuwa mekundu. Midomo yake ilikuwa inacheza; nadhani aliomba. Kwetu tumefundishwa tangu utotoni kwamba anayekuudhi unamwombea. Ni rahisi sana kufundishwa hilo ukiwa mtoto, na masikio yote mawili yanafanya kazi.

Kinanda akatokea mlangoni, ameshika fremu asianguke. Alitazama karai. Alilitambua shati, alikuwa amelitazama kwa karibu kuliko sisi sote.

"Mama, hiyo si damu yangu?"

"Ni yako, baba."

"Na unamsafishia ili Jumapili nyingine avae safi?"

Shangazi aliinamia karai. Binamu yangu akasema bila kupaza sauti, "Ukilianika shati hilo kwenye kamba ya nyumba hii, mimi si mwanao."

Birika lilikuwa linachemka jikoni, maji ya kumkanda yeye mwenyewe. Shangazi aliinuka, akaenda, akarudi nalo. Akalitoa shati kwenye maji ya baridi, akaliweka kwenye karai tupu, akamimina. Alimimina birika lote, palepale kifuani. Nilimwona akifanya hivyo na macho yake makavu. Wekundu ukageuka kuwa hudhurungi mbele yetu, ukatulia.

Kinanda akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, mpaka akashika mbavu. Nami nilipiga makofi, na sioni haya kusema.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe usoni, birika tupu mkononi.

"Kicheko hicho nilikisikia Jumapili, kinanda kikikanyagwa," akasema.

Kinanda akarudi ndani.

Jioni Mzee Baragumu alikuja na kina mama wa maombi kutufariji. Nikamsimulia habari ya shati, kwa fahari. Akainua mikono: Bwana amemtia adui alama! Akasema hizi ndizo siku za mwisho, ngano inatengwa na makapi, na mtu asipoteze huruma yake kwa wale waliokwisha andikiwa moto. Kina mama wakaitikia amina. Shangazi alikuwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa, mikono mapajani.

"Mzee," akasema, "hizi ni siku za mwisho kweli?"

"Dalili zote zimetimia, mama."

"Basi naogopa. Bwana akirudi wiki hii atanikuta na birika mkononi."

"Hukumpiga mtu! Umeharibu shati tu."

"Shati! Nimeharibu mtoto wangu, Mzee. Kamanda alimchukua sikio. Mimi leo nimemwonyesha kwamba dawa yake ni hii, na ameipenda. Umewahi kumwona akifurahia maumivu ya mtu?"

Mzee Baragumu alilikanda goti lake. Akaomba sala fupi. Kwa kumjua, nilistaajabu. Dunia haikuisha hata kidogo.

Kesho yake asubuhi Shangazi alipiga shati pasi yeye mwenyewe, kola hadi pindo, na lile doa katikati kama ramani. Akalikunja doa likiwa juu. Nikamfuata, maana nilijua nikimwacha peke yake sitajisamehe, ingawa njia nzima nilimwambia kwamba ana wazimu.

Kamanda alikuwa anakunywa chai na watoto wake, amevaa fulana, miguu mitupu. Bila buti alikuwa mtu wa kawaida mwenye kidole gumba kilichovimba. Mkewe alipotuona akasimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. Shangazi akaweka shati mezani.

"Baba, halikutakata," akasema. "Ni damu ya mwanangu. Ilikuwa inaanza kutoka. Nikaichoma kwa maji ya moto, makusudi, kwa sababu nilikuchukia. Nimekuja kuomba radhi kwa hilo langu. Lako unalijua mwenyewe, silifuti na silifichi."

Mtoto mdogo akauliza, "Damu ya nani?"  Kamanda alitazama shati, akamtazama mkewe, na nikaona kwamba habari za kuku zilitoka kwa Kamanda mwenyewe, si kwa mkewe.

"Unajua naweza kukufunga sasa hivi?"

"Najua."

"Sasa umekujia nini? Kunisamehe?"

"Bado sijafika huko. Leo nimefika mlangoni kwako tu."

"Tokeni," akasema. Lakini hakuinuka.

Tuliporudi, chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Kinanda alikuwa amechukua blanketi na viatu, akahamia karakana kwa fundi seremala. Nilipomfuata huko akasema alitusikia tukibishana tukitoka, na kilichomwondoa si doa bali ile radhi. Mama yake ameenda kumpigia magoti aliyempiga yeye. Nilimwelewa. Nakiri mpaka leo sijui, kama ningetakiwa kuchagua upande, ningeshika upi. Shangazi alimpelekea chakula kila siku, na kila siku bakuli lilirudi limeliwa, bila salamu. Alikonda. Alikuwa anafua nguo za watu huku akiomba kwa sauti, na siku nyingine hakuomba, alilia tu juu ya karai na kusema povu limemwingia machoni. Askari hawakuja kumfunga, wala hawakuacha kutuwinda.

Kisha asubuhi moja mke wa Kamanda akarudi. Mzigo wake safari hii ulikuwa mdogo, shati lenyewe tu. Alimshika Shangazi mkono.

"Anasema ujaribu tena," akasema. "Halivai. Ameliweka kwenye kiti, analitazama."

Mimi niliguna kwa sauti. Shangazi alijua kuliko mtu yeyote kwamba doa lile halitoki, si leo wala kiyama. Akalipokea. Akavuta karai, akafungua bomba. Bomba likakohoa, maji hakuna. Akakaa chini palepale na shati mapajani, mwanamke aliyechoka, na nikajua kwamba nikisema neno moja atavunjika.

Mlango wa uani ukasukumwa kwa bega. Kinanda alikuwa amebeba ndoo kutoka kisimani kwa seremala, ameinamisha kichwa upande wa sikio zima ili asikie anakokwenda. Sijui nani alimpa habari. Karakana iko nyumba ya pili, na mke wa Kamanda alikuwa amepita mlangoni pake na lile shati wazi mkononi. Akatua ndoo mbele ya mama yake. Maji yakamwagikia miguuni.

"Sijamsamehe," akasema. "Nimeleta maji tu."

Shangazi akatumbukiza mkono ndooni. Yalikuwa ya baridi.