Glasi za Baba Mdogo

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha Migori hadi leo, na kila ikinirudisha hunikasirisha. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa darasa la tano, baba mdogo Odero aliporudi kutoka Amerika na kutupaka kijani. Wazazi wangu walikuwa na baa kando ya barabara ya Isebania. Baba aliuza bia, mama alikaanga samaki wa kutoka ziwani Karungu, na sote tuliishi vyumba vya nyuma. Baba mdogo alikuwa amefanya kazi Boston miaka sita katika baa ya kijani ya familia moja ya Waairishi, watu wenye asili ya Ayalandi, akaapa kwamba yetu itafanana nayo. Kuta zikawa kijani. Wavu wa chuma uliokinga kaunta ukang'olewa. Samaki wa mama walinuka rangi wiki nzima, na baba, ambaye hakujua kumkatalia mdogo wake jambo lolote, alisema tu, "Mwacheni, ameona dunia."

Hayo tungeyavumilia. Kilichotuponza ni glasi. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji, akiitazama, maana kila mtu huogopa kutiliwa kitu. Baba mdogo akaamua kufungulia bia kaunta, kuimimina polepole, kuiacha itulie, ndipo aipeleke mezani na povu lake kama alivyofundishwa huko. Mama alimwonya, "Shemeji, hapa watu watakimbia." Akacheka. Mteja wa kwanza kuletewa glasi alikuwa mwalimu mstaafu aliyekunywa kwetu tangu sijazaliwa.

"Nani amefungua hii?"

"Mimi, mzee."

"Nikiwa wapi?"

Akachukua kofia yake, akaenda zake. Kufikia mwisho wa mwezi viti vilikuwa vitupu na mji mzima ulinong'ona kwamba kwetu kuna kitu kinatiwa. Shuleni rafiki yangu Akinyi alikataa kipande cha samaki nilichompa. Hilo liliniuma kuliko viti vyote, maana samaki yule alikaangwa na mama.

Mama akachoka. Asubuhi ya siku ya soko aligombana na baba mdogo hadi majirani wakatoka nje. Mchana, wateja wachache waliosalia wakiwa wameketi, aliingia nyuma ya kaunta, akainama asionekane, akafungua bia, akaimimina polepole, akaiacha itulie, kisha akamwekea baba mdogo mezani. "Karibu, shemeji. Kunywa." Baba mdogo akaitazama. Akaigusa glasi, akaondoa mkono. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Niletee ya chupa." Baa nzima ikaangua kicheko. Wavu ulirudishwa siku hiyo hiyo, na wateja nao wakarudi mmoja mmoja. Lakini mama hakucheka. Nilimkuta jikoni akilia. Alitaka kumwaibisha tu, hakudhani shemejiye angemwogopa kweli.

Siku hizi naishi Nairobi, vinywaji huletwa vimeshamiminwa, nami hunywa bila kuuliza. Nyumbani mambo ni mengine. Baba mdogo amezeeka, na kila Krismasi huja kwa mama kunywa chai. Mama huleta chupa ya chai imefungwa, huifungua mbele yake, humimina kikombe chake mwenyewe kwanza, hunywa, ndipo humimina cha shemejiye. Hajawahi kuombwa afanye hivyo. Miaka yote hii nimengoja baba mdogo amwambie aache, naye hutazama tu.