Bibi wa Izia na ndege ya kwenda Mpanda

Leo nimemrusha bibi wa watu angani, na pikipiki yangu haijatoka hata nje ya mji.

Kijiwe chetu cha bodaboda Katandala, hapa Sumbawanga, wote wanajua mimi nimeshapanda ndege. Mara moja tu, sawa, ila nimeisimulia mara mia.

Asubuhi akaja bibi mmoja wa Izia na kifurushi cha unga wa ulezi. Binti yake kajifungua jana huko Mpanda, na kwao uji wa mzazi unapikwa kwa unga aliousaga mama yake.

"Mjukuu wangu, Mpanda kwa ndege ni mbali?"

Nikatoa simu, nikaandika viwanja viwili vya ndege, Sumbawanga na Mpanda.

"Nusu saa hivi, bibi."

Akafumba macho. Basi nikamsafirisha. Mashamba ya mahindi yametandikwa kama mikeka, ng'ombe wa Wasukuma wanaonekana wadogo kama punje, Ziwa Rukwa linang'aa mkono wa kulia.

Bibi akafumbua macho.

"Inaondoka saa ngapi?"

Jamani. Simu ilipima umbali wa angani tu. Nikaitafuta ndege yenyewe ya kwenda huko, hakuna.

Nikamwambia ukweli. Akacheka taratibu.

"Unadanganya vizuri wewe. Haya, nipeleke stendi."

Nikampeleka bure, tukaliwahi basi la Mpanda.

Nyie mngemjibuje alipouliza ndege inaondoka saa ngapi?

Jioni hii bibi kanipigia toka Mpanda, binti anakunywa uji. Kichanga kinalia kwenye simu, nami nimesimama kando ya barabara Mazwi nasikiliza, abiria wangu ananiuliza kama mafuta yameisha.